Mgonjwa Huyu Aulizwe Uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa na sababu. Mtu aliyelazwa na homa kali hana nguvu ya kuchagua. Ukimwuliza kama anataka uji atakujibu hataki, na kesho utamkuta amedhoofu zaidi. Basi mama huukoroga uji, akaupooza, akamnywesha, na homa ikishuka mgonjwa mwenyewe huja akashukuru. Methali hiyo yafaa sana kwa maradhi ya siku chache ambayo mwisho wake ni kupona. Lakini yako maradhi, ndugu msomaji, ambayo ukiifuata methali hiyo utamwumiza yule yule umpendaye. Mojawapo ni saratani iliyokwisha kusambaa mwilini.

Leo twazungumza nawe ambaye nyumbani mwako, au kwa wazazi wako kijijini, yumo mgonjwa wa namna hiyo. Pengine ni mama, aliyevumilia damu isiyo ya kawaida kwa miezi mingi kwa sababu aliona haya kusema. Pengine ni baba, mstaafu mwenye saratani ya tezi dume ambayo sasa imemwingia mifupani. Pengine ni mkeo. Umerudi hospitali, daktari amekueleza, na tangu siku hiyo swali moja linakukosesha usingizi: je, matumaini bado yapo, na nitayashikaje?

Jibu letu ni kwamba yapo. Ila matumaini hayo si mali ya jamaa peke yao. Mwenyewe ni mgonjwa, na asipoulizwa anatumaini nini, jamaa wote watahangaika kwa nia njema wakitafuta kitu ambacho pengine yeye hakukiomba.

MAANA YA "IMESAMBAA"

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Seli huzaliana kwa mpango, na zikichakaa hufa. Saratani huanza pale kundi la seli linapouacha mpango huo na kuzaliana ovyo. Uvimbe ukiwa bado mahali pamoja, daktari mpasuaji aweza kuukata, au mionzi ikauteketeza. Lakini seli zake zikisafiri katika damu na katika mishipa ya limfu, zikatua na kuota katika mifupa, ini, mapafu au ubongo, hapo ndipo madaktari husema ugonjwa umefika hatua ya nne. Saratani nyingi zikifika hapo haziponi kabisa. Katika nchi yetu wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na saratani inayoongoza kwa wanawake ni ile ya shingo ya kizazi, ambayo mwanzoni haiumi hata kidogo.

Hata hivyo, kutopona si sawa na kutotibika. Saratani ya matiti na ile ya tezi dume, hata zikiwa zimesambaa, mara nyingi huweza kutulizwa kwa muda mrefu kwa vidonge au sindano za kuzuia homoni. Mionzi yaweza kukausha damu inayomtoka mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, na kwa maumivu ya mfupa mara nyingi dozi moja tu ya mionzi huleta nafuu. Tena saratani si moja. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza saratani ya watoto inayovimbisha taya na kukua haraka kupita kiasi. Hata hivyo ni miongoni mwa saratani ambazo watoto wengi huponywa kwa dawa.

Kwa hiyo usiridhike kumwuliza daktari swali moja tu la "Je, atapona?" Mwulize matatu. Ni saratani ya aina gani? Imefika wapi? Na dawa hizi mnazompa ni za kumponya au za kumtuliza? Jibu la swali la tatu ndilo litakalowaonyesha mahali pa kuyaweka matumaini yenu. Familia nyingi hazikuliuliza, zikangoja kuponywa na dawa iliyokuwa ya kutuliza, na zilipoona hali haibadiliki zikamlaumu daktari, zikalaumiana zenyewe, na mwisho zikamtafuta jirani aliyeroga.

KIKAO CHA UKUMBINI

Twajua linalofuata baada ya habari mbaya. Jamaa huitana. Kaka mkubwa yupo, mjomba yupo, shangazi amepanda basi usiku kucha ili afike. Wote wamo ukumbini, isipokuwa mtu mmoja tu aliyelala chumba cha pili, ambaye ndiye anayezungumzwa. Maazimio ya kikao yajulikana kabla hakijafunguliwa: asiambiwe. Ataambiwa ni vidonda vya tumbo. Ataambiwa ni baridi ya mifupa. Wanahofia kwamba akilisikia neno kansa atakata tamaa na kufa kabla ya siku zake.

Nia hiyo ni ya upendo, wala hatuidharau. Lakini hebu tufikiri pamoja. Mgonjwa anaujua mwili wake kuliko kikao kizima. Anaona mkanda wa suruali unavyorudi nyuma tundu baada ya tundu. Amepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni jirani na Ikulu, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 kwa ajili ya ugonjwa huu, na jina lake limeandikwa mlangoni. Amekaa kwenye benchi na wagonjwa wenzake, amewasikia wakizungumza. Anajua. Nanyi mnajua. Kilichobaki ni kila mmoja kumfichia mwenzake jambo ambalo wote wanalijua, na mgonjwa akabaki peke yake na hofu yake katikati ya nyumba iliyojaa watu.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Siri hiyo humnyang'anya muda. Tuseme mgonjwa ni fundi cherehani wa Temeke, mwenye watoto watatu. Ana vitambaa vya wateja dukani, ana fedha anazodai, na karatasi za kiwanja chake ziko kwa rafiki aliyemkopesha. Angejua hali yake ilivyo, angemwita rafiki huyo mbele ya mkewe wakamaliza hesabu. Angeandika wosia wake mbele ya mashahidi. Angekwenda kwao kulizuru kaburi la mama yake wakati miguu ingali na nguvu. Lakini kwa kuwa kila siku anaambiwa "wiki ijayo utakuwa mzima", anaahirisha yote mpaka hiyo wiki ijayo. Wiki hiyo haiji, na mjane hubaki akizunguka mabaraza na ofisi kutafuta ushahidi wa kiwanja ambacho mumewe angeweza kumwonyesha kwa kidole.

Basi je, avamiwe na habari kama mtu anayesomewa hukumu? La hasha. Anza kwa kuuliza. "Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha: "Ungependa daktari akueleze wewe, au anieleze mimi?" Wapo watakaotaka kujua kila kitu. Wapo watakaotaka kujua kidogo kidogo. Wapo pia watakaosema, "Mwelezeni mwanangu mkubwa, mimi yanitosha." Majibu yote hayo ni halali, maadam mwenyewe ameulizwa. Na siku atakapokuuliza, "Mwanangu, nitakufa?" usikimbilie kusema, "Mzee, usiseme maneno hayo." Ukisema hivyo umeufunga mlango, na huenda asiubishe tena. Vuta kiti, mshike mkono, umwulize ni nini kilichomfanya afikiri hivyo, kisha umsikilize.

HESABU YA MIEZI

Jamaa wengi humbana daktari ataje ni miezi mingapi imebaki. Akitaja, neno hilo hugeuka kuwa amri, na watu huanza kuhesabu siku kwenye kalenda. Yafaa tujue hesabu hiyo ina maana gani.

Mwaka 1982 mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Stephen Jay Gould, aliambiwa kuwa ana mesothelioma ya tumbo, saratani adimu inayohusishwa na vumbi la asbesto. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alipotafuta maandishi ya kitaalamu alikuta kwamba nusu ya wagonjwa walifariki katika muda wa miezi minane. Mtu mwingine angelifunga jarida akalia. Yeye, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya hesabu kama hizo, alijiuliza: kama nusu walifariki kabla ya miezi minane, ile nusu nyingine je? Waliishi zaidi, na baadhi yao zaidi sana. Aliandika makala juu ya jambo hilo mwaka 1985. Aliishi miaka 20, akafariki mwaka 2002 kwa saratani nyingine.

Tusikosee hapa. Hatusemi kwamba kila mgonjwa atapata miaka 20. Gould alikuwa bado kijana kwa ugonjwa wake na alipata matibabu mazito. Wengi hawavuki pale alipovuka yeye. Funzo ni kwamba miezi inayotajwa ni hesabu ya kundi la watu, wala haisemi mtu mmoja atafariki siku gani. Kwa hiyo mwulize daktari kwa namna nyingine: "Daktari, tunazungumza juu ya siku, majuma, miezi, au miaka?" Jibu la swali hilo latosha kwa kupanga mambo. Kama ni miezi, basi arusi ya binti iliyokuwa ifanyike Desemba yaweza kuletwa Agosti, hata kama itakuwa ya pilau na vikombe vya chai uani.

KULIKO NA KOLEO LILILOVUNJIKA

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tumaini la kupona likivunjika, hapo ndipo mgonjwa aulizwe: "Sasa unatumaini nini?" Majibu yake huwashangaza jamaa. Wakati wao wanachangishana nauli ya kumpeleka ng'ambo, yeye anatamani usiku mmoja wa kulala bila maumivu. Anatamani kuoga maji ya moto. Anatamani kumsikia mjukuu wake akisoma kitabu cha shule. Anatamani kupatana na ndugu yake waliyegombana juu ya shamba, miaka mingi sasa. Anatamani afie nyumbani, kitandani pake, si wodini.

Matumaini hayo yaandikeni. Kila moja lipeni siku yake na mtu wa kulitekeleza. Huyu atakwenda kumleta ndugu yule Jumamosi. Huyu atatengeneza kiti cha kuogea. Tumaini lenye siku na lenye mtu wa kulishughulikia lina nguvu kuliko maneno mia ya "usijali". Likitimia moja, mgonjwa hupata hamu ya kutaja la pili.

Wala hakuna anayewakataza kuomba. Mwenye dua aombe dua, mwenye sala asali, na aombe uzima bila kuona haya. Mkulima huomba mvua, na papo hapo huhifadhi mahindi ghalani. Vivyo hivyo mtu aweza kumwomba Mungu ampe uzima, na jioni ile ile akaandika wosia.

Lakini jihadharini na wauza matumaini. Watakuja na chupa yenye dawa ya "saratani zote", kwa bei inayolingana kabisa na thamani ya kiwanja chenu. Waulizeni wataje aina ya saratani wanayoitibu, na waseme kama wako tayari dawa yao ionwe na daktari wa mgonjwa. Na kabla hamjauza chochote, mwulizeni mwenye kiwanja. Wagonjwa wengi, wakiulizwa, husema wazi kwamba wangependa watoto wabaki na mahali pa kulala.

MAUMIVU YATANGULIE

Yote tuliyoyasema hayawezekani kwa mtu anayegaagaa. Mwenye maumivu makali hawezi kutumaini chochote zaidi ya maumivu hayo kuisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kulinda matumaini ni kuyaondoa maumivu.

Elimu ya jambo hili ina mwasisi wake. Bibi Cicely Saunders wa Uingereza, ambaye kwa nyakati mbalimbali alikuwa muuguzi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na hatimaye daktari, alifungua mwaka 1967 mjini London nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wasiopona, St Christopher's Hospice. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya roho, na pia ya mashaka juu ya familia na fedha, na kwamba yote yatibiwe pamoja. Huduma hiyo kwa Kiswahili huitwa tiba shufaa. Afrika ya Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambako mofini ya unga ilichanganywa na maji ikawa dawa rahisi ya kunywa, mgonjwa akaitumia nyumbani kwake. Uganda ikaenda mbele zaidi, ikawaruhusu kisheria wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuiandika dawa hiyo.

Watu wengi huiogopa mofini. Husema ni dawa ya kufia, au kwamba itamgeuza mgonjwa kuwa mlevi wa madawa. Mofini inayotolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu ya saratani haimwui mgonjwa wala haimfanyi kuwa teja. Shirika la Afya Duniani liliitia katika mwongozo wake wa maumivu ya saratani tangu mwaka 1986. Ile ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, pasipo kungoja maumivu yarudi. Siku za kwanza huenda ikaleta usingizi na kichefuchefu, ambavyo aghalabu hupungua. Kinachobaki ni kufunga choo, kwa hiyo mwombeni daktari dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba kukubali tiba shufaa ni kukata tamaa. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Wote walipata matibabu ya kawaida ya saratani, lakini nusu yao walipewa na tiba shufaa tangu mwanzo. Hao waliopewa walikuwa na huzuni kidogo kuliko wenzao, na hesabu ya kati ya maisha yao ilikuwa miezi 11.6, wakati ya wenzao ilikuwa 8.9. Basi ulizeni habari za tiba shufaa mapema, wala msingoje mpaka siku ya mwisho.

UJI WENYEWE

Sasa tuje kwenye uji wa kweli kweli. Hakuna jambo linaloleta ugomvi katika nyumba ya mgonjwa kama chakula. Mke amepika, mgonjwa amelamba vijiko viwili amegeukia ukutani, na mke anaona amekataliwa yeye. Yafaa ajue kwamba saratani iliyokomaa huibadili namna mwili unavyotumia chakula. Hamu hutoweka kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na kumlazimisha hakumrudishii uzito, ila humletea kutapika na majonzi. Mpeni kidogo kidogo, saa anayotaka, kitu anachokitaja. Akitamani kipande cha embe na chumvi, apewe. Kinywa chake kisafishwe mara kwa mara kwa maji yenye chumvi kidogo. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya mgongoni. Kidonda chenye harufu kina dawa yake. Mwulizeni muuguzi, wala msiache harufu iwafukuze wageni.

Na wewe unayeuguza, ambaye mara nyingi ni mke au binti, huwezi kuwa macho usiku na mchana kwa miezi. Jamaa waliokuja kwenye kikao wapewe zamu. Anayefanya kazi kiwandani amwombe mkubwa wake ruhusa mapema. Asiyeweza kukesha alete mkaa na sabuni. Watoto nao waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto asiyeambiwa hudhani kwamba baba anaugua kwa sababu ya utundu wake.

Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Moyo wa mgonjwa huanza kufa siku anapogundua kwamba hakuna tena anayemwuliza neno. Kwa hiyo jioni ya leo, vuta kigoda ukae kando ya kitanda chake. Mwulize kama aletewe uji, au kuna kitu kingine anachokitaka. Kisha nyamaza, hata kama ni kwa muda mrefu, umngoje ajibu.